Ukiiambia mili 10 inaenda 9.87: acha kwanza kugusa stepu

Mkuu swali lako nimelisoma mara mbili, ngoja nilirudie kwa kifupi ili na mwingine akisoma aelewe tunaongelea nini. Umechukua milingi ya mkono ya mezani (mashine ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka) ukaifunga mota za stepa NEMA 23 (zinazozunguka kwa hatua ndogondogo) kwenye mihimili yote mitatu, skrubu za gololi 1605 kote, X na Y mota imeshika skrubu moja kwa moja kwa kaplingi, Z inapitia mkanda, puli ya meno 20 kwenda ya meno 40. Draiva ni DM542 umeziseti palsi (mapigo ya umeme) 1600 kwa mzunguko, pawasaplai ya volti 24, kontrola ni Arduino yenye Grbl (programu inayoendesha mashine). Ulianza na stepu 320 kwa mili (milimita), ukaiambia X iende 10 ikaenda 9.87, ukapiga hesabu ya kulinganisha ukaweka 324.215, sasa 10 inatoka 10.00 safi kabisa ila ukiiambia 100 inaenda 101.19. Ukirekebisha ya 100, ya 10 inaharibika. Tundu la duara la mili 50 limetoka kama yai, 50.4 kwa X na 49.9 kwa Y. Na Z kila ukirudia programu inashuka, mara 0.05, mara 0.10, kuna siku 0.15. Unataka fomula sahihi ya kukalibreti.

Fomula unayo na ni sahihi, ila umeipa ugonjwa usio wake. Stepu kwa mili inatibu kosa la aina moja tu, lile linalokua sawasawa na umbali, yaani likiwa 0.1 kwenye mili 10 liwe 1.0 kwenye mili 100. La kwako halikui hivyo. Kwahiyo kabla ya kugusa $100 tena (seti ya Grbl ya stepu kwa mili za X), irudishe 320, alafu twende taratibu.

Kwa nini 320 na si kitu kingine? Kwa sababu stepu kwa mili haikisiwi wala haipimwi kwa venia, ni hesabu ya vyuma ulivyofunga. Mota ya digrii 1.8 ina stepu kamili 200 kwa mzunguko, draiva inazigawa kwa 8 zinakuwa 1600, skrubu ya 1605 ina kipenyo cha mili 16 na kila ikizunguka mara moja inasukuma nati mili 5, 1600 gawa kwa 5 ni 320, basi. Z mota inazunguka mara 2 ndo skrubu izunguke mara 1, kwahiyo 640. Sasa hebu angalia hiyo 324.215 uliyoweka inasema nini kuhusu chuma chako: 1600 gawa kwa 324.215 ni 4.935, yaani unadai skrubu inasogea mili 4.935 badala ya 5 kila mzunguko. Kwenye mili 300 hiyo ni karibu mili 4 za kosa. Skrubu ya gololi ya daraja la C7, ambayo ndo ya bei nafuu wengi tunafunga, inaruhusiwa kukosea 0.05 kwenye mili 300 hizohizo. Kwahiyo ama skrubu yako ni ya ajabu sana duniani, ama namba si ya kweli. Mi naiamini skrubu.

Kuna kipimo kimoja hakihitaji chombo chochote zaidi ya makapeni, na nashangaa watu wengi wanakiruka. Chora mstari mwembamba kwenye kaplingi ya X na uendelee nao mpaka kwenye nyumba ya beringi, ili uone mistari miwili ikikutana. Weka 320, sogeza X kidogo kwanza, chora, alafu iambie iende mili 100 upande uleule. Skrubu inatakiwa kuzunguka mara 20 kamili na mstari urudi palepale ulipokuwa, si karibu na palepale. Ukirudi palepale maana yake Arduino, draiva, swichi za draiva na mota vyote viko sawa na huna haja ya kuvishuku tena, kosa lolote litakalobaki liko kwenye chuma kuanzia kaplingi kwenda mezani. Ukifanya hivyohivyo ukiwa na 324.215 mstari utapita robo mzunguko na kidogo juu yake, maana unaizungusha mara 20.26. Hapo utaona kwa macho yako kwamba ile namba ilikuwa inaisukuma mota zaidi ili kuficha kitu kingine.

Kama mstari haurudi kabisa, angalia ukubwa wa kosa maana nao unaongea. Ikiwa inaenda mara mbili au nusu, ni swichi za maikrostepu kwenye draiva hazilingani na hesabu yako (kwenye DM542 ni SW5 mpaka SW8, zima umeme uziangalie vizuri, na baadhi ya draiva hazisomi mabadiliko ya swichi mpaka uzime na kuwasha). Na kuna kosa ambalo mstari hauwezi kukuonyesha, pale mzunguko uko sawa ila umbali hauko sawa. Ikiwa umbali ni asilimia 80 ya ulioagiza, labda skrubu uliyonunua ni ya mili 4 na si 5. Ikiwa mara 4, mara nyingi ni wale wenye skrubu ya TR8 ya nyuzi nne, nyuzi na nyuzi ziko mili 2 ila mzunguko mmoja unaenda mili 8, wanahesabu 2 badala ya 8. Ila wa hatari kuliko wote ni yule mwenye skrubu ya zamani ya inchi, nyuzi 10 kwa inchi, inasogea 2.54 na yeye anadhani ni 2.5. Hiyo ni tofauti ya asilimia 1.6, ndogo kiasi kwamba inafanana na kosa la kawaida la kukalibreti, mtu anairekebisha kwa kupima na venia, anakaribia ila hafiki. Akijua ni inchi anaandika namba kamili siku hiyohiyo na inaisha.

Sasa turudi kwa namba zako, maana jibu ulikuwa nalo mkononi. Ukiwa na 324.215 uliagiza 10 ikaenda 10.00, uliagiza 100 ikaenda 101.19. Toa moja kwa nyingine: kuagiza 90 zaidi kumeleta 91.19 zaidi. Ukifanya kutoa hivyo, chochote ambacho kiko sawa kwenye safari fupi na ndefu kinajifuta chenyewe, kinabaki kile kinachokua na umbali tu. 91.19 gawa kwa 90 ni 1.0132, kwahiyo stepu zako zimezidi kwa kiasi hicho, 324.215 gawa kwa 1.0132 ni 319.99. Umeona? Ni 320 ileile ya hesabu. Na kile kilichojifuta ni nini? Kwa stepu hizo zilizozidi mili 10 ingetakiwa kuenda 10.13, wewe umepata 10.00, zimepotea 0.13. Mili 100 ingeenda 101.32, umepata 101.19, zimepotea 0.13 tena. Safari fupi 0.13, safari ndefu 0.13. Hiyo ni plei mkuu, uwazi kwenye nati au beringi, skrubu inazunguka kidogo kwanza bila meza kusogea kila unapogeuza upande. Bila shaka ulipima hivi: ukasogeza meza huku, ukaweka geji sifuri, ukairudisha kule.

Hata lile yai linatoka hapohapo. Kama kisu ni cha mili 8 na tundu la 50, katikati ya kisu inatembea duara la mili 42. Kwa X 42 mara 1.0132 ni 42.55, toa plei 0.13 inabaki 42.42, ongeza kisu 8 unapata 50.42. Ulisema 50.4. Y hukuigusa stepu zake, kwahiyo yenyewe inaonyesha plei tu, 49.9 inamaanisha kuna karibu 0.1 huko nako. Napenda namba zikikaa hivi, maana hakuna tena haja ya kubishana.

Ipime plei vizuri sasa. Dayali geji ya 0.01 kwenye mguu wa sumaku, mguu ukae kwenye kichwa au nguzo ya mashine, si mezani, ncha yake iguse kitu kigumu kilichofungwa mezani, taya la jiliwa linafaa. Hakikisha fimbo ya geji iko sambamba kabisa na X, ukiiacha imeinama digrii 5 tu, kitu ambacho jicho haliwezi kuona kwa haraka, kwenye mili 10 inakudanganya karibu 0.04. Sogeza meza kuelekea geji mpaka sindano izunguke mara moja, simama, zungusha uso wa geji sifuri. Alafu rudi nyuma kwa mibofyo ya 0.01, mmoja mmoja, huku unaangalia sindano. Bofya, imekaa. Bofya, imekaa. Mota unaisikia inagonga kidogo, ila sindano haina habari. Hesabu. Ukifika 12 au 13 sindano itaanza kufuata, na kuanzia hapo kila mbofyo inasogea. Ile idadi iliyokaa kimya ndo plei yako. Rudia mwanzo wa meza, katikati na mwisho, maana skrubu ya zamani huwa imelika katikati ambako imefanya kazi zaidi, na mahali pa tatu unaweza kukuta namba nyingine.

0.13 kwenye skrubu mpya ya gololi ni nyingi mno, sidhani kama iko kwenye nati yenyewe. Tafuta inatokea wapi kabla ya kununua chochote. Kwenye ncha ya skrubu, upande usio na mota, mara nyingi kuna kitundu cha katikati kilichobaki kutoka lethi. Bandika humo gololi ndogo kwa grisi, weka ncha ya geji juu ya hiyo gololi, mota iwe na umeme ili skrubu isizunguke, alafu shika meza kwa mikono miwili usukume na kuvuta kwa nguvu. Sindano ikicheza, skrubu nzima inatembea mbele na nyuma ndani ya beringi, na hapo dawa ni kukaza ile nati ya beringi au kufunga beringi za jozi zinazobebana mzigo pande mbili, maana beringi ya kawaida ya gololi za safu moja ina uwazi wake wa kuzaliwa. Sindano ikikaa kimya lakini meza inacheza, hamia kwenye nati: geji kwenye kibano cha nati, sukuma tena. Nimewahi kukuta bolti nne zinazoshika nati chini ya meza mbili hazijakazwa kabisa, mwenye mashine alishaagiza skrubu mpya. Na usisahau vile vibao vya kukaza slaidi, vikilegea meza inajipinda kidogo kabla ya kwenda na inafanana kabisa na plei, vikikazwa mno navyo meza inashika na kuachia. Vikaze huku unazungusha skrubu kwa mkono mota ikiwa imezimwa, uzito uwe uleule mwanzo mpaka mwisho wa meza.

Kaplingi nayo. Hapa nina aibu yangu. Mashine yangu ya kwanza kubadilisha nilihangaika nayo siku mbili nzima, nabadilisha stepu, nabadilisha spidi, kila jaribio linatoa namba yake, kumbe kiskrubu cha kaplingi kilikuwa kinateleza kwenye shafti ya mota ambayo ni laini haina bapa. Ikikata kwa nguvu inateleza, ikitembea hewani haitelezi. Tangu siku hiyo naacha ile mistari ya makapeni kwenye kaplingi na shafti moja kwa moja, siifuti, kila baada ya kazi natupa jicho tu. Kaplingi za kubana shafti nzima ni bora mara mia kuliko zile za kiskrubu kinachochoma.

Utauliza je, si kuna programu ya kufidia plei? Ipo, Mach3 inayo, LinuxCNC inayo, Grbl ya kawaida haina, na kwa kweli mi sikuonei huruma kwa hilo. Fidia inafanya mota izunguke zile 0.13 haraka kila inapogeuza upande, sawa, kwa kutoboa matundu inasaidia. Lakini uwazi unabaki palepale kwenye chuma. Ukikata ule upande ambao meno ya kisu yanaivuta kazi kuelekea inakokwenda, kisu kinainyakua meza kinaipeleka 0.13 mbele bila ruhusa ya mtu, na hakuna programu inayoweza kuishika. Kwahiyo kwanza punguza plei kwa spana. Ukifika 0.02 au 0.03 kwa mashine ya nyumbani umefanya kazi nzuri, hapo fidia inaweza kumalizia.

Plei ikishapungua ndo sasa upime umbali, na upime mrefu. Geji ya 0.01 kwenye mili 10 ukikosea kusoma mstari mmoja tu umekosea asilimia 0.1, ukiiingiza hiyo kwenye stepu, kwenye mili 300 imekuwa 0.3. Yaani umeharibu namba iliyokuwa sahihi kwa kipimo kisichoiweza. Venia ndo usiiongelee, kwa kazi hii ni ya kuangalia tu kama hujakosea kwa maradufu.

Njia ninayoitumia ni hii. Tafuta kipande ambacho urefu wake unajulikana kwa uhakika, bloku ya 1-2-3 iliyosagwa inafaa sana, upande wake mrefu ni inchi 3 yaani 76.2, au kile kifimbo cha kusetia maikromita kubwa, cha mili 75. Funga mezani kizuizi kigumu, bandika bloku kwenye kizuizi, sogeza meza mpaka uso wa bloku uiguse geji na kuibana kama mili 1, weka sifuri. Rudi nyuma mili 5, toa bloku bila kugusa kizuizi, alafu sogea mbele 5 na 76.2 juu yake, kwa G91 (amri ya kuhesabu umbali kutoka ulipo) ni G0 X-5 kisha G0 X81.2 (G0 ni amri ya kwenda haraka), kama mbele kwako ni upande wa chanya. Sasa ni kizuizi chenyewe kinachogusa geji, na sindano inatakiwa irudi sifuri. Uzuri wake ni kwamba mara zote mbili umefika kwa upande uleule kwahiyo plei haihusiki kabisa, na geji huitumii kupima mili 76, unaitumia kusema tu ndiyo au hapana pale kwenye sifuri, kitu ambacho inakijua vizuri. Futa uso wa bloku na kizuizi kwa kitambaa, chembe moja ya chuma katikati yake ni 0.1 hiyohapo.

Ukipata pungufu au zaidi ya 0.01 mpaka 0.02 isiyojirudia, achana nayo, endelea na maisha. Ukipata pungufu ya mfano 0.02, ukarudia mahali pengine pa meza ikawa 0.02 tena, na tena, basi skrubu yako kweli iko hivyo na ndo hapa fomula yako inapata kazi: 320 mara 76.2 gawa kwa 76.18, unaandika 320.084. Angalia inavyobadilika kidogo, si kuruka mpaka 324. Kama mahali pengine ni pungufu na pengine imezidi, hakuna namba moja itakayotibu, iache kwenye 320. Na usikalibreti asubuhi mashine ikiwa baridi alafu ulalamike jioni, chuma cha mili 300 kikipanda joto digrii 10 kinarefuka zaidi ya 0.03 chenyewe.

Z yako ni kesi nyingine kabisa. Umeniandikia 0.05, 0.10, 0.15, na nilipoziona nilicheka kidogo maana zote ni za 0.05. Mota ya stepa ikizidiwa haipotezi stepu moja, rota inaruka mpaka mahali pengine ambapo sumaku zinalingana tena, na hiyo ni stepu kamili 4 au mafungu ya 4. Kwa Z yako stepu kamili ni 400 kwa mili 5, kwahiyo stepu 4 ni 0.05 kamili. Kwenye X ingekuwa 0.1. Kwahiyo hiyo si kalibresheni, si plei, ni mota inazidiwa, na inazidiwa ikipanda, ndo maana kila mzunguko kichwa kinaishia chini zaidi. Kama ingezidiwa ikishuka ingekuwa inapanda kidogokidogo.

Inazidiwa kwa sababu inabeba kichwa kizima, na kwa sababu volti 24 ni kidogo. Mota ya stepa ikizunguka haraka nguvu inashuka, koili haipati muda wa kujaa umeme kabla ya kugeuzwa, na volti kubwa ndo inaijaza haraka. DM542 inapokea 20 mpaka 50, mi ningeweka 36. Usiibane 48, kichwa kizito kikifunga breki mota inageuka jenereta inarudisha umeme kwenye draiva, acha nafasi. Ampia seti kulingana na mota ilivyoandikwa, mota ikiwa moto kiasi cha kutoweza kuishika muda mrefu ni kawaida ya hizi mota, ila ikianza kunuka si kawaida. Ukiweza weka shoki ya gesi au uzito wa kukabili kichwa, hiyo inasaidia kuliko kitu chochote. Wakati huo shusha $122 na $112 (kasi ya kuongezeka na spidi ya juu ya Z) mpaka iache kupoteza. Na uangalie $1 (muda wa kusubiri kabla ya kuzima mota), ikiwa 25 kama inavyokuja na waya wa kuwezesha draiva umeufunga, Grbl inazima mota ikisimama, na skrubu ya gololi haina uwezo wa kujishikilia kama skrubu ya kawaida, kichwa kinaweza kushuka chenyewe polepole. Weka $1=255 mota zikae zimeshika. Na ukizima umeme wenyewe weka kipande cha mbao chini ya kichwa kwanza, jiliwa langu lina kovu la kisu nililolipata hivyo.

Uzito huo wa kichwa unafanya jambo lingine la ujanja: plei ya Z huwezi kuiona kwa geji, kichwa kinakalia upande mmoja wa nati muda wote. Inajitokeza pale kisu chenye mkunjo wa kupandisha chipsi (vipande vya chuma vinavyokatwa) kinapojivuta chini kwenye kazi, ghafla kinazama. Kwahiyo ukipima Z, inua kichwa kwa mkono au kwa kipande cha mbao kama wenzo uone sindano inacheza kiasi gani.

Kama baada ya hapo kuna mhimili unaohama kidogokidogo, si kwa mafungu ya 0.1 ila kama 0.003 kila ukigeuza upande, daima upande mmoja, kwa 1600 hiyo ni palsi moja inayopotea. Mara nyingi ni kwamba waya za palsi umezifunga kwa 5V ya pamoja na Grbl haijui, kwahiyo draiva inahesabu ukingo wa nyuma wa palsi wakati mwelekeo umeshabadilika. Geuza kwa $2 (seti ya kugeuza palsi) ujaribu. Mara 100 za kugeuza ni karibu 0.3, kwa kazi yenye mifuko mingi (mashimo ya kuchimbwa) utaiona vizuri tu.

Spidi jaribu mwisho, mhimili mmoja mmoja. Grbl inakuja na mili 500 kwa dakika na kasi ya kuongezeka 10, hiyo ya 10 ni uvivu mtupu, panda mpaka 100, 150, 200. Weka geji sifuri, iambie irudi nyuma mili 50 na kurejea mara 20 kwa G0, irudi kwenye sifuri. Ikirudi, ongeza. Siku ikikataa, shuka chini kwa theluthi moja uiache hapo, maana ulikuwa unatembea hewani, kisu kikiingia kwenye chuma mambo ni mengine. Na usishawishike kuongeza maikrostepu ukidhani ni usahihi, 320 kwa mili tayari ni 0.003 kwa palsi, chini ya kile chuma chako kinaweza. Ukiweka 6400 kwa mzunguko unapata 1280 kwa mili, na Arduino ya Grbl inayotoa palsi kama 30,000 kwa sekunde inakubana kwenye mili 1400 kwa dakika hivi.

Alafu kata tena lile tundu la 50, ulipime pande nne, X, Y na pembe zote mbili za mshazari. X na Y zikilingana ila mishazari miwili inatofautiana, basi meza yako haiko mraba kati ya X na Y, hilo ni la kufungua bolti na kupanga kwa guni na geji, stepu hazihusiki. Ukiona kibapa kidogo kushoto na kulia kabisa mwa tundu, ni plei ya X iliyobaki, pale ndo X inageuza. Ukiona mbele na nyuma ni ya Y.

Ukimaliza andika $$ (Grbl inakuonyesha seti zake zote), nakili orodha yote kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa boksi la umeme, pamoja na picha ya swichi za draiva.